Ubao Wenye Matundu ya Vifaranga

Hapana, si panya. Panya gani atoboe tundu lenye kichwa, lenye mdomo na lenye mkia uliosimama? Hayo ni matundu ya vifaranga, na hayo mengine ni ya mayai. Sogeza kikombe chako kidogo, hapo ulipokiweka kitatumbukia. Na meza usiionee huruma. Meza hii ilipopata matundu ndipo ilipoanza kuwa meza. Ila kabla ya hapo, ndugu yangu, palichimbika.

Mwenye meza ni seremala, watu wamemzoea kwa jina la Randa, kwa sababu akishika randa haachi mpaka uone sura yako kwenye ubao. Mtu mwema, lakini mtu wa vipimo. Anapima kila kitu. Wanasema hata posa yake aliandika kwenye karatasi yenye mistari akahesabu mistari. Meza aliitengeneza mwenyewe, ya watu sita, na ukimuuliza kwa nini sita, anakwambia kiwiko cha mtu kinataka sentimita sitini, zidisha, gawanya, basi, ni sita. Wa saba ni kugongana.

Sasa, miaka sita kabla ya matundu haya, siku ya Pasaka, wa saba akaja. Na huyo wa saba hakuwa mtu wa kupita njia. Alikuwa dada yake Randa, dada mkubwa, yule aliyemshikia ubao upande wa pili Randa alipokuwa anajifunza kupasua mbao, mikono yao yote ikiwa na malengelenge. Mezani walikuwa wameshakaa Randa na mkewe, binti zao wawili, mama mkwe wake Randa, na shemeji yake, kaka wa mkewe. Sita kamili. Dada akakuta amewekewa kigoda. Unakijua kigoda, kile cha chini, cha kukalia mtu akichambua mboga. Kimewekwa karibu na mlango wa jikoni, na sahani ya kupakata.

Dada alikaa. Alikula tonge tatu, hazikufika nne. Akasimama, akaiweka sahani chini, akachukua pochi yake, akasema siku nyumba hii itakapokuwa na nafasi yangu mezani nitarudi. Akaenda. Na toka siku hiyo hakukanyaga tena, na wifi yake, mke wa Randa, hata wakikutana sokoni hamsalimii. Maana alipiga hesabu zake. Mezani kulikuwa na mama wa nani? Wa wifi. Kaka wa nani? Wa wifi. Basi kigoda amekiweka nani? Ndivyo alivyoamini, na ndivyo mtaa mzima ulivyoamini.

Randa naye akaapa kwamba ataiongeza meza. Na kweli meza yake ni ya kuvutwa, imekatika katikati, inafunguka huku na huku, ikabaki kupachikwa mbao mbili katikati iwe ya watu wanane. Mbao hizo mbili alikuwa nazo, za gogo lile lile lililotoa meza. Akazipandisha juu darini kwenye banda lake la kazi zikauke. Mwaka ukapita. Bado zinakauka, anasema. Wa pili, zinakauka. Mpaka mwaka huo ninaokwambia, wa sita, yule binti mkubwa ambaye ni mwalimu wa chekechea akampigia simu shangazi yake, akambembeleza wee, akamwambia shangazi njoo Pasaka, safari hii nafasi yako ipo, baba ameahidi. Shangazi akajibu atakuja kuangalia. Nikiona kigoda, akasema, nageukia mlangoni.

Basi ikafika Jumamosi, kesho yake ndiyo Pasaka. Randa ameamka mapema, amekunja mikono ya shati, penseli sikioni, anaingia bandani kuzipiga randa mbao zake.

Akasimama mlangoni. Kilichomsimamisha ni harufu. Kila mti una harufu yake ukikatwa, na seremala anaijua kama wewe unavyojua sauti ya mkeo kwenye simu. Akainama akachota unga wa mbao uliokuwa sakafuni, akausugua kwa vidole. Mwekundu kidogo, laini. Akanusa. Akainua macho darini. Patupu.

Hapo moyo ukamwambia, lakini akakataa kuusikia. Akatoka, akavuka ua kwa hatua zile za mtu anayetafuta wa kumkamata shati, akaingia sebuleni. Juu ya ile meza yake ya watu sita, kwenye magazeti yaliyotandikwa, walikuwa wamesimama vifaranga ishirini na wanne, njano tupu, wanang'aa, rangi haijakauka. Nyuma yao mayai, dazeni na zaidi, yana mistari ya bluu na nyekundu. Na shemeji yake amekaa mbele yao, ulimi nje kidogo kwa umakini, ana njiti ya kiberiti aliyochovya kwenye rangi nyeusi, anawatia macho mmoja mmoja.

Shemeji huyu ni fundi wa kupaka rangi nyumba, wanamwita Brashi. Na hivyo vifaranga havikuwa mchezo. Akina mama wa kanisani walikubaliana mwaka huo wapambe madirisha kwa mapambo ya mbao, ili yatunzwe yatumike kila Pasaka, si ya karatasi ya kutupwa. Mke wa Randa akasema kaka yangu ataweza. Wakachora umbo kwenye boksi la biskuti, wakalikata, wakawa wanalizungushia penseli kwenye ubao. Kwanza walijaribu na kondoo, lakini kondoo wa Brashi akatoka kama mbwa aliyenyeshewa, wakamwacha. Vifaranga na mayai vikawakubali. Kukata, kupiga msasa, rangi nyeupe ya kwanza, ikauke, halafu njano.

Randa akamchukua kifaranga mmoja. Akamgeuza. Nyuma hakukuwa na rangi, mishipa ya mti ilionekana wazi, ile ile iliyokuwa imelala chini yake pale mezani.

"Shemeji," akasema, pole pole, "huu ubao umeutoa wapi?"

Brashi hajainua hata kichwa. Akajibu kwamba ni yale mabaki nyuma ya mlango, si wewe mwenyewe ulisema nichukue, mbao nzuri kweli, nene, vifaranga vinasimama vyenyewe, tazama.

Hapo Randa alifura. Mshipa wa shingo ukasimama kama kamba ya kuanikia nguo. Aliongea maneno ambayo mengine siwezi kuyarudia hapa kwenye chakula. Alimwita mharibifu, alimwita mpakaji chokaa, akasema mkono wake haujui tofauti ya ubao na ukuta. Binti mdogo aliyekuwa anafagia akaweka fagio chini taratibu, akatoka kinyumenyume.

Na Brashi naye si wa kuchezea. Akasimama, njiti bado mkononi.

"Ncha zake zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, ovyo ovyo," akasema. "Ubao wenye rangi ya ovyo kwenye ncha ni ubao wa kufutia brashi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tano, unataka kunifundisha ubao wa kufutia brashi?"

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipolala, na nikueleze uelewe. Fundi rangi akimaliza kazi, kabla ya kuosha brashi anaifuta kwenye kipande chochote cha ubao, na ubao huo ni takataka, kila mtu kazini kwake anajua. Lakini seremala akianika ubao, anapaka rangi kwenye ncha zake mbili, rangi yoyote iliyo karibu, kwa sababu ncha zinakauka haraka kuliko katikati, na zikiachwa wazi ubao unapasuka. Kwa hiyo ile rangi nyekundu ya ovyo, kwa Randa ilikuwa alama ya kitu kinachotunzwa kuliko vyote bandani. Brashi alipita mbao zote za hovyo, akaenda moja kwa moja kwenye hizo mbili kwa roho safi kabisa, akijua hatamuudhi mtu.

Na nani aliziweka nyuma ya mlango? Randa mwenyewe. Wiki mbili kabla, bati lilivuja, akazishusha darini zisilowe, akasahau. Alhamisi shemeji alipokuja kuomba vipande, alimjibu bila kugeuka, chukua hayo mabaki ya nyuma ya mlango. Alikumbuka yote hayo pale pale akiwa amemshika kifaranga. Lakini mtu akishapanda mti wa hasira, kushuka ni aibu. Akazidi kupanda.

Mkewe akaingia na beseni la nguo kiunoni. Randa akamgeukia yeye. Kwamba nyumba hii haina mwenyewe, kwamba ndugu zake wanaingia na kutoka wanakata wanachotaka, kwamba kesho dada yake anakuja na meza haipo, na kwamba basi, mwambieni asije. Pigeni simu sasa hivi. Asije mtu.

Mama yule akaweka beseni chini. Ni mwanamke wa sauti ndogo, ndiyo maana siku ile kila mtu alimsikia.

"Mbao hizo zinakauka tangu lini, baba watoto?"

Randa akamgeuza kifaranga mkononi.

"Miaka sita. Nyumba hii ulijenga, milango ikakauka kwa miezi mitano. Kitanda cha mwalimu kilikauka kwa likizo moja. Mbao za nafasi ya dada yako zinakauka miaka sita? Zinakauka, au wewe ndiye hutaki zikauke?"

Akamwambia kwamba kwa miaka hiyo sita yeye anapita sokoni kichwa chini, wifi yake anamgeuzia mgongo, majirani wanamjua kama mwanamke aliyemkalisha wifi kwenye kigoda. Na kila akimwambia mumewe nenda ukaseme ukweli, jibu ni itapita, nikimaliza meza itapita. Simu ya kumzuia dada yako, akasema, piga mwenyewe, namba unayo. Kisha akaanza kuwakusanya vifaranga kwenye sinia mmoja mmoja, akiwashika kwa chini wasiachie rangi. Yule aliyekuwa mkononi mwa Randa akamchomoa kama anavyochukua kisu kwa mtoto.

Simu Randa hakupiga. Alishinda siku nzima bandani akiwa amenuna, anasogeza vitu ambavyo havikutaka kusogezwa. Chakula alipelekewa, kikarudi. Brashi alimaliza kutia macho akaenda kwake bila kuaga, na alipopita mlango wa banda alikohoa tu.

Jumapili wote wakaenda kanisani na sinia mbili za vifaranga. Randa akasema anaumwa kichwa. Akabaki. Akaivuta meza ikafunguka, akaangalia lile pengo katikati, akapima, kana kwamba labda limepungua. Akajaribu kipande cha ubao wa kabati, kifupi. Akajaribu mlango wa zamani wa choo, akaona haya mwenyewe akaurudisha. Mwishowe akachoka, akaketi karibu na mlango wa jikoni, akashika kichwa.

Dada akaingia bila kubisha. Hakupitia kanisani, alitaka kuona meza kabla ya kuona watu. Mwanamke mrefu, amevaa vizuri, pochi ile ile. Akaangalia meza yenye pengo. Halafu akamwangalia mdogo wake alipoketi.

"Kumbe kinakutosha," akasema.

Randa akatazama chini. Alikuwa amekalia kigoda.

Alipotaka kuinuka dada akamzuia kwa kidole. Hebu kaa hapo hapo, akamwambia, uone nilichokuwa naona. Unaona nini? Randa akatazama mbele, akaona miguu ya meza na viti. Dada akasema mimi niliona magoti. Magoti ya watu sita wanaokula, na mazungumzo yanapita juu ya kichwa changu kama ndege. Haya, na leo nafasi yangu ni ipi, hilo tundu?

Randa akaanza kufoka upya, shemeji hivi, shemeji vile, mbao zote kakata, yamebaki matundu. Dada akauliza yamebakia wapi hayo matundu. Hakungoja jibu. Akatoka nje kwa mlango wa jikoni, na pale ukutani, karibu na kuni, zilikuwa zimeegemezwa mbao mbili zinazongoja kuchomwa. Randa hata hakuwa amekwenda kuziangalia, uchungu ulimzuia.

Dada akainua moja, akaishika mbele ya jua. Mwanga ukapita ukachora vifaranga kwenye ukuta. Akapitisha kidole ukingoni, kuanzia ncha nyekundu hadi ncha nyekundu.

"Kingo nzima," akasema. "Nani kakata hivi?"

Seremala yeyote, unajua, akikata umbo anaingilia ukingoni, ndiyo njia rahisi, na angeacha vipande vya kuwashia moto. Brashi hakujua. Aliwahi kuona fundi akitoboa mlango ili aweke kitasa, akadhani ndivyo kazi inavyofanywa. Kila kifaranga alimtobolea tundu dogo kwenye mstari wake, akapenyeza msumeno, akamzunguka. Na ncha hakuzigusa kwa kuogopa ile rangi isimchafulie kazi. Ujinga wake ndio uliobakiza ubao.

"Angekata fundi," dada akasema, "leo ungekuwa na kuni. Lete randa. Shika huko."

Wakazibeba. Dada akashika ncha ya pili, miguu kaitanua kama zamani, pochi kaitundika kwenye msumari. Randa akapiga randa kingo zikakutana, maranda yanamwagika miguuni. Kisha dada, bila kuachia ubao, akasema kwamba amekuja kwa ajili ya mwalimu tu, na kwamba wifi yake asitegemee salamu, maana mtu aliyemwekea kigoda hajasahaulika.

Randa akasimamisha randa. Jasho linamtoka, na siyo la kazi. Angeweza kunyamaza, amenyamaza miaka sita, mkono ulishazoea.

"Kigoda niliweka mimi," akasema.

"Wewe nani?"

"Mimi. Yeye alikuwa jikoni, hakujua. Nilipima, nikaona ni sita. Nikasema mkwe siwezi kumwinua, shemeji ni mgeni, wewe ni dada yangu, wewe hutajali."

Dada akauachia ubao. Uliangukia mguu wa Randa na hakuthubutu kupiga kelele. Hasira ya jana ya Randa ilikuwa kelele tupu, hii ya dada ilikuwa baridi. Akamwuliza kama anajua kwamba wifi yake alipofiwa na baba yake, yeye dada hakwenda msibani. Kama anajua mara ngapi amevuka barabara ili asikutane naye. Miaka sita nimemchukia mtu kwa kosa lako, akasema, na wewe ukalala usingizi. Akachukua pochi yake msumarini, akafika mpaka mlangoni.

Mlangoni pale dada akasimama muda mrefu, mgongo kawapa wote wawili, Randa na mbao. Kisha akarudi, akatundika pochi, akainamia ubao.

"Huondoki hapa mpaka uyaseme hayo mbele yake," akasema. "Na mimi simwachi wifi yangu abebe lawama hiyo Pasaka nyingine. Shika."

Wakamaliza. Randa alizipigia mbao vipande viwili kwa chini kuziunganisha, wakaipachika meza. Mbao zinazidi kidole kimoja kila upande, na ncha nyekundu zinaonekana mpaka leo, unaziona hapo. Mtu wa vipimo aliangalia hicho kidole kilichozidi, akakiacha.

Waliotoka kanisani wakaingia na sinia tupu, vifaranga wamesifiwa, Brashi kanyoosha shingo. Wote wakaona meza, wakasongamana mlangoni. Mke wa Randa akamwona wifi yake, akabaki kasimama na kitambaa cha kichwa mkononi. Randa akaongea. Aliongea vibaya, alirudia sentensi moja mara tatu, alitaja sentimita sitini katikati, lakini alisema: niliweka mimi, nikakuacha ubebe wewe. Na kwa shemeji akasema mbao nilizihamisha mwenyewe, na lile neno la mpakaji chokaa nalifuta.

Mkewe hakulia wala hakucheka. Akamwambia umechelewa, tena sana, na sijamaliza kukukasirikia, usidhani. Dada akamwendea wifi yake, akamshika mikono miwili, akamwinamia, wakanong'onezana kitu ambacho hakuna aliyekisikia na hakuna aliyeuliza.

Kisha dada akageuka, akavuta kigoda kwa mguu mpaka karibu na mlango wa jikoni, akakielekeza kwa kidevu. Randa akaelewa. Akakaa. Akapewa sahani ya kupakata. Sita wengine wakakaa mezani, dada katikati, mbele ya ule ubao, na wifi yake ubavuni, wakapakuliana wali na nyama bila kumtazama mtu wa chini.

Hajala hata tonge tatu, kijiko cha mama mkwe kikateleza, kikatumbukia kwenye tundu la kifaranga, kwiii, mpaka sakafuni. Bibi yule haoni vizuri, akawa anapapasa meza akiuliza kijiko kimekwenda wapi, wameiba. Randa peke yake, kutoka pale chini, alikiona. Akatambaa chini ya meza, akakifuta kwa shati, na badala ya kuzunguka, akakipenyeza juu kupitia tundu lile lile. Mama mkwe akaona kijiko kinaota kutoka ubaoni.

"Meza gani hii inarudisha vitu," akasema.

Brashi ndiye aliyeanza kucheka, akapaliwa. Binti mdogo akafuata. Dada alijikaza, alikaza sana, mpaka bega likamtetemeka.

"Toka huko chini, mdogo wangu," akasema. "Unatutia vumbi kwenye chakula."

Mkewe akasogeza kiti chake, akavuta kingine akakiweka kwenye nafasi ya saba, mbali naye kidogo, lakini mezani. Randa akatoka, ana maranda kwenye nywele, akachukua sahani yake kigodani, akaja akakaa. Mtu akampitishia mchuzi. Wakala.